Raundi za mwisho: somo kutoka kwenye ubao wa sataranji



Kwa kawaida tunawaletea masomo juu ya ardhi, juu ya haki za wajane, au juu ya namna ya kuongoza kikao. Safari hii tunaleta somo juu ya mchezo, na tunajua kuna mtu atasema: watu wanatafuta sombe na chumvi, ninyi mnatuletea mchezo! Tunaomba mtuvumilie, msome hadi mwisho, kisha mtupime.

Sababu ni hii. Katika kazi yetu na familia zilizokimbia vita upande wa Walikale na Shabunda, na pamoja na familia za hapa zilizozipokea, tumeona jambo moja likirudia. Kikao cha kwanza huwa kizuri. Watu wanaimba, wanasali, wazee wanakumbushana kwamba hata wao waliwahi kukimbia na kulala porini. Ugomvi unakuja katika vikao viwili au vitatu vya mwisho, pale ambapo majina yanaandikwa: nani atalima bonde lipi, atamtolea mwenye shamba sehemu gani ya mavuno, kwa misimu mingapi. Watu waliochekeana mwezi mzima wanaanza kuhesabiana. Na mvua za Septemba hazimngoji mtu. Familia ambayo haijapata mahali pa kupanda mpunga na mihogo kabla ya mvua hizo itaanza mwaka mpya na nini kwenye chungu?

Basi tulitafuta mfano ambao unaweza kuzungumzwa mbele ya wote bila mtu kuona amenyooshewa kidole. Tumeupata katika mashindano ya sataranji, hasa katika raundi zake za mwisho, ambako pointi ni chache, uchovu ni mwingi, na kila mtu anajua ni nini anaweza kupoteza.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Sataranji ndiyo ile ambayo huku kwetu wengi wanaiita kwa Kifaransa, échecs. Vijana wetu wanajua zaidi dame, ile ya vifuniko vya chupa, na wazee wanajua mchezo wa mashimo na mbegu ambao watu wa pwani wanauita bao. Ubao wa sataranji una vyumba 64, kama ule wa dame ndogo. Kila mchezaji ana vipande 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, farasi wawili, maaskofu wawili na askari wanane. Anayembana mfalme wa mwenzake hata asiwe na njia ya kutoka, ameshinda. Mshindi anapata pointi moja, aliyeshindwa anapata sifuri, na wakitoka sare kila mmoja anapata nusu. Pembeni kuna saa, ili asiwepo mtu wa kukaa anafikiri mpaka usiku.

Hakuna kete wala bahati ya karata. Ndiyo maana kushindwa kunauma sana: huna wa kumlaumu.

Aliyeshindwa harudi nyumbani

Mashindano ya mpira ya vijana tunayajua. Timu ikifungwa, imetoka. Ukianza na timu 16, baada ya siku ya kwanza nane zimeondoka, baada ya siku ya pili zimebaki nne, na siku ya fainali kuna timu mbili uwanjani na nyingine 14 zipo pembeni zikinung'unika. Wengi wetu tumeona fujo zinaanzia wapi siku ya fainali: mara nyingi ni kwa wale waliotoka mapema, ambao hawana tena cha kulinda.

Mashindano mengi ya sataranji yamepangwa kwa njia nyingine, inayoitwa mfumo wa Uswisi kwa sababu ulitumika mara ya kwanza katika mji wa Zurich mwaka 1895. Katika mfumo huo hakuna anayefukuzwa. Ukishindwa raundi ya kwanza, raundi ya pili unakutana na mwingine aliyeshindwa. Ukishinda, unakutana na aliyeshinda. Kila raundi watu wenye pointi sawa au zinazokaribiana wanakalishwa pamoja, na wawili waliokwisha kukutana hawakutanishwi tena. Basi katika raundi ya mwisho meza ya kwanza ina watu wanaogombea kombe, na meza ya mwisho kabisa ina wawili ambao labda hawajapata hata pointi moja. Wote wanacheza. Saa ni zile zile, sheria ni zile zile, na mwamuzi anapita meza zote.

Mzee mmoja alituuliza, tulipoeleza jambo hili: "Mwanangu, kama mtu ameshindwa kila siku, kwa nini abaki? Si kumwaibisha?" Swali lake ni zuri, na tulimwachia kijana mmoja anayecheza dame sokoni ajibu. Akasema: "Mzee, kwa heshima yako, huyo aliye chini siku ya mwisho anapewa mtu wa nguvu yake. Hapo ndipo anaweza kushinda." Na ndivyo ilivyo. Raundi za mwisho za mfumo huu ndizo zenye haki zaidi kuliko zote, kwa kuwa kila mtu amekwisha kufika mahali pake na anakutana na mwenzake wa kweli. Raundi ya kwanza mgeni anaweza kukutana na bingwa, apigwe haraka. Kama tungemwondoa hapo, tusingejua kamwe anaweza nini.

Sasa fikirini vikao vyetu. Familia iliyokosa shamba katika mgawo wa kwanza, je, tunaiita tena kwenye kikao cha pili? Au tunasema "hao wamekwisha kujibiwa"? Kwa maoni yetu hapa ndipo vikao vingi vinapovunjika, na hatudhani kwamba ubaya wa watu ndio chanzo. Tunawatoa watu mapema, wanakaa nje ya ua, na maneno ya nje ya ua hayana mwamuzi.

Watoto watatu wa Katwe waliokwenda Juba

Kuna habari ambayo wengine mmekwisha kuiona katika filamu ya mwaka 2016 iitwayo Queen of Katwe, iliyotengenezwa na Mira Nair, na kabla yake katika kitabu cha Tim Crothers cha mwaka 2012. Tunaileta hapa kwa sababu ilitokea karibu na sisi, na kwa sababu sehemu moja yake haizungumzwi sana.

Katwe ni mtaa wa maskini mjini Kampala, Uganda, mahali pa tope na mafuriko. Mwaka 2004 kijana aitwaye Robert Katende alianza kufundisha sataranji huko kwa watoto ambao hawakupenda au hawakuweza kucheza mpira. Wengi walivutwa kwanza na uji waliopewa. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, msichana aliyefiwa na baba akiwa mdogo na ambaye alikuwa akiuza mahindi ili nyumbani wapate kula. Aliyempa masomo yake ya kwanza alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye, Gloria, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne hivi. Tunawaomba wakubwa wanaosoma ukurasa huu wasimame kidogo juu ya jambo hilo: msichana wa miaka tisa hivi alikubali kufundishwa na mtoto wa miaka minne, kwa sababu yule mdogo alijua na yeye hakujua.

Mwaka 2009 watoto watatu wa Katwe, Phiona pamoja na Ivan Mutesasira na Benjamin Mukumbya, walipelekwa Juba kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya watoto wa nchi za Afrika. Hawakuwa wamepanda ndege hata siku moja. Walikuwa wadogo kuliko wapinzani wao wengi. Na Juba ya mwaka ule ilikuwa mji uliotoka vitani: mkataba wa amani kati ya kaskazini na kusini ya Sudan ulikuwa umetiwa sahihi Januari 2005, na Sudan Kusini ilikuwa bado haijawa nchi, kwani ilipata uhuru wake Julai 2011. Watu walikuwa wanarudi kutoka kambini na ng'ambo, wengi wakikuta viwanja vyao vina watu wengine. Katika mji wa namna hiyo watoto wa nchi mbalimbali waliketi kwenye meza, wawili wawili, na kushindana kwa ukimya.

Watoto wa Katwe walimaliza bila kushindwa. Phiona alishinda michezo yake yote, na kombe la timu lilikwenda Uganda. Watu wanapenda kuishia hapo, wakipiga makofi. Sisi tunapenda kuendelea mbele kidogo.

Mwaka uliofuata, 2010, Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk nchini Urusi, kwenye Olimpiadi ya sataranji, ambako alikutana na wanawake wazima waliofundishwa tangu utoto. Huko alishindwa mara nyingi, na alilia. Mtoto aliyerudi na kombe kutoka Juba sasa alikuwa katika meza za chini. Lakini Olimpiadi nayo inafuata mfumo wa Uswisi: timu iliyopigwa leo, kesho inaitwa tena mezani. Aliendelea kuitwa, akaendelea kucheza. Mwaka 2012 kwenye Olimpiadi ya Istanbul, nchini Uturuki, yeye na Ivy Amoko walipata cheo cha kimataifa cha sataranji, wa kwanza kati ya wanawake wa Uganda.

Kama angerudishwa nyumbani siku ile aliyolia Urusi, je, Istanbul ingekuwapo?

Jambo la namna hii linaendelea pia kwa wakimbizi wenyewe. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, ambako kuna Wakongomani wengi, shirikisho la sataranji la dunia linaloitwa FIDE, pamoja na UNHCR na shirika la Lutheran World Federation, walianzisha mwaka 2021 mpango wa kufundisha mchezo huu shuleni. FIDE iliundwa Paris mwaka 1924, na neno lake la Kilatini lina maana ya kwamba sisi sote ni jamaa moja. Neno zuri. Lakini hao jamaa moja nao waliwahi kudanganyana katika raundi za mwisho, na habari hiyo ndiyo tunayotaka kukaa nayo zaidi.

Sare ya kweli na sare ya kupangwa

Mwaka 1962, katika kisiwa cha Curaçao, walikutana wachezaji wanane kutafuta nani atampa changamoto bingwa wa dunia. Kila mmoja alipaswa kucheza na kila mwenzake mara nne. Watano kati yao walitoka nchi moja, Umoja wa Kisovyeti. Watatu wa nchi hiyo, Petrosian, Keres na Geller, walipokutana wao kwa wao walicheza michezo 12, na yote 12 ikaisha kwa sare, mingi baada ya muda mfupi. Wakati wengine wakichoka kwa kupigana kila siku kwenye joto la kisiwa, hao watatu walikuwa wakipumzika wanapokutana, kisha wanakwenda na nguvu zao kwa wengine. Mwisho, Petrosian alikuwa wa kwanza na pointi 17 na nusu, na Keres na Geller nyuma yake kwa nusu pointi tu. Mmarekani Bobby Fischer, aliyekuwa na miaka 19, alimaliza wa nne na pointi 14. Alilalamika hadharani kwamba mambo yalikuwa yamepangwa.

Tuseme ukweli: pengine Fischer asingeshinda hata hivyo, maana alikuwa mbali kwa pointi tatu na nusu. Lakini malalamiko yake yalisikika, na FIDE ilibadilisha utaratibu wa kumtafuta mpinzani wa bingwa ili watu watatu wasiweze tena kukaa pamoja na kuamua mashindano.

Tumeleta habari hii kwa sababu wengi katika vikao vyetu wanadhani sare yoyote ni amani. Sare ni jambo jema. Watu wawili waliopigana kwa bidii hadi vipande vikaisha ubaoni, wakatazamana, wakaona hakuna awezaye kumshinda mwenzake, wakapeana mkono: hiyo ni heshima kwa wote wawili, wala hakuna aibu ndani yake. Wanaume wa kwetu tungejifunza kuipenda zaidi. Lakini kuna sare nyingine, ile ambayo wakubwa wawili wanapatana jioni kabla ya kikao: wewe chukua jetoni za upande wako, mimi nachukua za upande wangu, kesho tuseme tumekubaliana. Asubuhi hakuna ugomvi wowote. Kikao kinaisha saa nne, watu wanapiga makofi. Na mama mjane asiye wa upande huu wala ule, aliyepanga chumba kimoja karibu na mto, anarudi mikono mitupu, na hata hajui ni nani alicheza na nani.

Wenye sataranji wamejaribu dawa kadhaa. Katika baadhi ya mashindano wachezaji hawaruhusiwi kupatana sare kabla ya kucheza hatua kadhaa, au hawaruhusiwi kabisa bila mwamuzi. Sheria hiyo ilipata jina la mji wa Sofia, Bulgaria, baada ya mashindano ya mwaka 2005. Dawa nyingine inatupendeza zaidi. Katika mashindano makubwa ambayo kila mmoja anacheza na kila mmoja, watu wa nchi moja wanakutanishwa mapema, kabla haijajulikana nani anahitaji pointi ya nani. Kwa lugha ya kwetu: mambo ya ndani ya ukoo yamalizwe mwanzo. Kama ndugu wa mwenye shamba wana ugomvi wao juu ya mpaka, wauzungumze katika kikao cha kwanza au cha pili. Wasiuache mpaka siku familia iliyokimbia inakuja kutia kidole kwenye karatasi, halafu ndugu mmoja anasimama na kusema bonde lile si la huyu.

Siku ya mwisho mjini Toronto

Dawa hiyo ya watu wa nchi moja ilionekana vizuri Toronto, Kanada, Aprili 2024. Wachezaji wanane, raundi 14. Waliokutana katika raundi ya kwanza kabisa ni Wamarekani wawili wao kwa wao, na Wahindi wawili wao kwa wao.

Ilipofika raundi ya mwisho, mvulana wa India mwenye miaka 17, Gukesh, alikuwa na pointi nane na nusu. Nyuma yake walikuwa watatu wenye nane: Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi. Wanne wote waliketi siku moja, saa moja, kwenye meza mbili. Gukesh alicheza na Nakamura wakatoka sare. Sasa akawa na tisa, akangoja. Kwenye meza nyingine, kama mmoja angeshinda angefikia tisa pia, na ingebidi warudiane. Caruana alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, saa zikapita, nafasi ikamponyoka. Walicheza hadi hatua 109. Sare.

Sare hiyo ilikuwa kifo kwa wote wawili. Hakuna aliyeipanga, hakuna aliyeitaka. Na walipomaliza, wakiwa bado wamekaa, Nepomniachtchi alimwambia mwenzake kwamba anasikitika, na Caruana akajibu kwamba kosa lilikuwa lake. Mbele ya kamera za dunia nzima! Wangeweza kuondoka kila mmoja kwa mlango wake.

Kuhusu Gukesh mwenyewe tuongeze jambo moja tu. Katika mashindano hayo alishindwa mara moja, raundi ya saba, na Firouzja, alipobanwa na saa. Ilikuwa katikati kabisa ya safari. Baadaye alieleza kwamba kushindwa huko ndiko kulikompa nguvu. Desemba ya mwaka ule ule, akiwa na miaka 18, alikuwa bingwa wa dunia kule Singapore baada ya Ding Liren wa China kukosea katika mchezo wa 14, uliokuwa wa mwisho, wakiwa wamelingana. Gukesh alilia, kisha akarudisha vipande vyote mahali pake, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga sahani baada ya chakula. Na alipopewa nafasi ya kusema, alimsifu Ding.

Mkilingana, nini kitaamua?

Watu wanaweza kumaliza na pointi sawa. Hilo hutokea karibu kila mara. Wenye mashindano wanatangaza kabla ya raundi ya kwanza watatumia kipimo gani: labda wataangalia wapinzani wa nani walikuwa na pointi nyingi zaidi, labda watarudiana kwa mchezo wa haraka. Kila mtu anajua tangu siku ya kwanza. Hakuna anayeweza kusema kipimo kimetungwa ili kumpendelea fulani, kwa sababu kilipotungwa hakuna aliyejua fulani atakuwa wapi.

Kwetu sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Familia mbili zinahitaji shamba moja, zote zina watoto sita, zote zilifika mwezi mmoja. Ndipo tunaanza kutafuta kipimo: mmoja anasema tuangalie nani ana mgonjwa, mwingine anasema nani alishiriki salongo ya barabara. Vipimo vyote viwili vinaweza kuwa vizuri. Lakini vikitajwa siku hiyo, vina harufu ya mtu.

Kuna sheria nyingine ya sataranji ambayo komite zetu zinaweza kuichukua kama ilivyo. Kila mchezaji anaandika hatua zote kwenye karatasi yake, zake na za mwenzake. Mchezo ukiisha, wote wawili wanatia sahihi karatasi zote mbili. Aliyeshindwa anatia sahihi. Anakwenda nyumbani na karatasi yenye sahihi ya aliyemshinda, na mshindi ana karatasi yenye sahihi yake. Tumeona mapatano ya mashamba yaliyoandikwa kwa nakala moja tu, ikakaa nyumbani kwa mwenye shamba. Msimu wa pili nakala hiyo imeliwa na mchwa, au mzee amefariki, na familia iliyokimbia haina neno la kujitetea. Karatasi ya pili na kidole chenye wino havigharimu kitu.

Na wakati wa mchezo, hakuna anayeruhusiwa kumnong'oneza mchezaji, hata baba yake. Ukigusa kipande chako, lazima ukichezeshe. Ukitaka tu kukiweka sawa, unasema kwanza kwa Kifaransa "j'adoube", yaani ninarekebisha tu. Vijana wa hapa wamelipenda neno hilo. Siku hizi kikaoni mtu akitaka kufafanua maneno yake bila kuyabadilisha, wanamsaidia: "Baba, sema kwanza j'adoube!" Watu wanacheka, na mzee anapata nafasi ya kusema tena bila kuonekana kigeugeu.

Kazi ya kikundi

Someni somo hili kwa sauti, kisha gawanyikeni katika vikundi vya watu watano au sita, waliokimbia na wenyeji wakiwa pamoja, wanawake wakiwa na msemaji wao. Msikimbilie majibu. Jadilini haya:

Katika mgawo wa mashamba au wa msaada uliopita hapa kwetu, ni nani walitoka "raundi ya kwanza" na hawakuitwa tena? Tajeni mitaa, msitaje majina ya watu.

Je, tumewahi kuona sare ya kupangwa? Tuliitambuaje? Aliyeumia alikuwa na njia gani ya kulalamika, kama Fischer alivyolalamika, bila kuhatarisha maisha yake?

Vipimo vyetu vya siku ambayo familia mbili zimelingana ni vipi? Viandikeni leo, vibandikeni kwenye mlango wa kanisa, wa msikiti na wa shule, kabla ya kikao cha kwanza cha Agosti.

Kwa wale wanaotaka kuanza mchezo wenyewe: ubao unachorwa kwa makaa juu ya kipande cha mbao au cha katoni, vyumba vinane kwa vinane, kila mchezaji akiwa na chumba cheupe kwenye kona ya mkono wake wa kuume. Askari wanaweza kuwa vifuniko vya chupa, vya rangi mbili. Farasi, ngome, askofu na wafalme vijana wanaweza kuwachonga kwa mti laini. Kwa vijana 16, raundi nne au tano zinatosha, na mkutano wa kanuni ufanywe jana yake. Mwamuzi atoke kwa wenyeji siku moja, kwa waliokimbia siku ya pili. Orodha ya pointi iandikwe kwa chaki mahali ambapo kila mmoja ataiona, pamoja na wale wenye sifuri, na siku ya mwisho waitwe wote mezani kwa majina yao.